Karatasi 400 za gugu maji: kwa nini mzigo wa kwanza ulipasuka kwenye mkunjo

Oda ilikuwa karatasi 400 za ukubwa wa A3, gramu 100 kwa mita ya mraba, rangi yake ya asili, za kukunjwa katikati ziwe menyu na kadi za hoteli moja jijini Mwanza. Waliopewa kazi ni kikundi cha watu tisa kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela. Walikuwa tayari wanasuka vikapu vya gugu maji, na walijua kutengeneza karatasi kwa kuloweka na kuponda mabaki ya karatasi za ofisini. Mnunuzi aliweka sharti moja: iwe gugu maji tupu, isichanganywe na kitu.

Zilitoka karatasi 310, na hakuna hata moja iliyofaa. Kiunzi, yaani fremu yenye wavu ya kutengenezea karatasi, kilikuwa na urefu wa sentimita 42, lakini karatasi iliyokauka ilipimwa ikakutwa na 37. Kingo zilijiviringisha kama jani la mgomba juani. Ukiishika ilitoa mlio mkavu, na ukiikunja mara ya pili au ya tatu ilipasuka palepale kwenye mkunjo. Baada ya wiki chache nyingi ziligeuka rangi ya njano iliyokoza, zikatoka na madoa ya kahawia.

Kikundi kilisema gugu lilikuwa limezeeka. Mnunuzi alisema gundi haikutosha. Sababu zote mbili hazihusiki. Ukifuata kazi yao hatua kwa hatua unakuta makosa matano au sita, lakini mawili ndiyo yaliyoua mzigo: waliupika mmea laini kama wanaopika gogo, kisha wakautwanga kama wanaotwanga mkonge. Na nyuma ya hayo kuna sharti lenyewe la "gugu tupu", ambalo kwa karatasi ya kukunjwa halikuwa sharti la busara.

Mmea wenyewe

Gugu maji asili yake ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limeziba ghuba, bandari na mialo mingi. Kwa mtengeneza karatasi, jambo la kwanza la kujua ni kwamba karibu mmea wote ni maji. Kilo 100 za mabua mabichi zikikauka kabisa hubaki kilo 5 hadi 8. Kati ya hizo, nyuzi zinazobaki baada ya kupika na kuosha hazifiki nusu.

Jambo la pili ni nyuzi zenyewe. Ni fupi, milimita moja na nusu hivi, na kuta zake ni nyembamba. Lignini, ule mnato unaoufanya mti uwe mgumu, ni kidogo. Hemiselulosi, ambayo hupenda maji na kuvimba, ni nyingi. Ndiyo maana rojo la gugu maji, yaani nyuzi zilizopikwa na kupondwa, hujaa ute upesi mno, linashika maji, na likikauka linasinyaa kwa nguvu. Nyuzi zinashikamana vizuri sana, pengine kupita kiasi, lakini hakuna uzi mrefu wa kuvuka mkunjo na kuushikilia. Nyama ipo, mfupa haupo.

Mkonge ni kinyume chake. Nyuzi zake hufika milimita tatu hivi, ni ngumu, hazivimbi kirahisi, na maji hupita katikati yake bila shida. Nyuzi hizo, yaani katani, zikiwa tupu hutoa karatasi imara lakini yenye matundu na mabonge. Ukiziweka pamoja, kila moja inaziba pengo la mwenzake. Usukumani mkonge hauhitaji kutafutwa mbali, watu wengi wameupanda kuzunguka mashamba na maboma.

Mavuno: mahali kosa lilipoanzia

Kikundi kilivuta kilo 300 za gugu, mabua na majani pamoja, kikalirundika kwenye mchanga kwa siku tano kabla ya kulianika. Katikati ya rundo likaoza. Kuoza si kosa kila mara, maana wapo wanaozesha kwa makusudi ili kulegeza nyuzi, lakini hao huloweka mzigo wote sawasawa na kuukagua kila siku. Rundo hukauka juu na kuoza ndani, na kinachotoka ni nyuzi zisizolingana pamoja na madoa meusi ambayo kupika hakuyaondoi.

Majani hayafai. Yana nyuzi chache, na vumbi laini linalotoka humo huziba wavu na kuipa karatasi rangi ya kijani inayochujuka ikipigwa na jua. Mizizi haifai pia, tena kwa sababu nzito zaidi: gugu maji hufyonza metali nzito kutoka kwenye maji, na sehemu kubwa hubaki mizizini. Kwenye ziwa linalopokea Mto Mirongo uliokwisha kupita katikati ya jiji, na lililozungukwa na maeneo ya uchimbaji mdogo unaotumia zebaki, mizizi ikatwe na isiingie kabisa kwenye pipa.

Mabua nayo hayalingani. Gugu linaloelea peke yake pembezoni lina mabua mafupi yaliyovimba kama puto, yamejaa hewa. Lililobanana katikati ya utando hurefuka kutafuta mwanga, na mabua yake ni membamba, ya sentimita 60 hadi 100. Hilo refu ndilo la karatasi. Ukikuta bua fupi lenye tumbo, liache, utatumia kuni nyingi upate uchafu mwingi.

Anayeingia majini avae buti ndefu zisizovuja na glovu. Konokono wanaobeba kichocho hupenda kujishikiza kwenye mimea ya majini, na vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha kupamba moto hadi mchana. Kuvuna mapema hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa hiyo buti zivaliwe saa zote.

Mabua yakifika nchi kavu yapasuliwe kwa urefu au yapitishwe kwenye mashine ya kukamua miwa, ile ya wauza juisi. Sehemu kubwa ya maji hutoka hapo hapo. Kisha yaanikwe juu ya kichanja. Kichanja cha dagaa kinafaa kwa umbo, lakini kikiwa bado kinatumika kwa dagaa harufu itahamia kwenye karatasi na haitoki, hata kwa kupika. Kati ya Juni na Septemba mabua yaliyopasuliwa hukauka kwa siku tatu au nne. Mvua zikishaanza, wiki nzima inaweza isitoshe, na ukungu ukatangulia.

Kupika: sufuria, kostiki na saa tano

Kutokana na kilo 300 walipata kilo 18 kavu. Walizipika kwenye sufuria mbili kubwa za shughuli, za alumini, kwa kilo tatu na nusu za kostiki soda kwa jumla, muda wa saa tano.

Sufuria kwanza. Kostiki na alumini hazikai pamoja. Zinapokutana, kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Povu lililopanda kabla maji hayajachemka, ambalo walidhani ni gugu "linatoa sumu", lilikuwa gesi hiyo, na haidrojeni juu ya moto wa kuni ni hatari ya kweli. Sufuria zilitoboka vishimo na sehemu ya kostiki ikapotea kwenye alumini badala ya kufanya kazi kwenye nyuzi. Tumia pipa la chuma lisilo na kutu, sufuria ya chuma cha pua, au ya enameli isiyobanduka. Pipa lenye kutu huacha madoa ya kahawia, na sehemu ya madoa ya mzigo ule yalitoka kwenye ndoo ya bati iliyotumika kuoshea.

Kipimo sasa. Kilo tatu na nusu kwa kilo 18 ni karibu asilimia 20 ya uzito mkavu. Kwa gugu maji hicho ni kipigo. Kostiki kwa kiwango hicho na saa tano huyeyusha lignini, kisha huendelea kuyeyusha hemiselulosi, kisha hudhoofisha selulosi yenyewe, ambayo ndiyo mwili wa uzi. Ushahidi uko kwenye mizani: kilo 18 zilitoa kilo nne tu za rojo likipimwa kavu, yaani asilimia 22. Kinachobaki hapo ni nyuzi zilizokwisha kuliwa. Karatasi yake ingepasuka hata kama kila hatua iliyofuata ingekuwa sahihi.

Kwa mmea huu soda ashi inatosha. Ndiyo sodiamu kaboneti, unga mweupe unaopatikana kwa wauza malighafi za sabuni. Ni pole kuliko kostiki na haiunguzi ngozi kwa ukali ule, ingawa glovu na miwani ya kinga bado ni lazima. Tumia asilimia 15 ya uzito mkavu wa mabua, yaani gramu 150 kwa kilo, na maji lita 10 kwa kila kilo. Mabua yakatwe sentimita mbili hadi tatu. Kikundi kilikata sentimita tano, na vipande virefu hivyo husokotana pipani. Loweka usiku kucha kwenye maji hayo yenye soda, asubuhi washa moto. Baada ya kuanza kuchemka, saa moja na nusu hadi mbili zinatosha, na kule kuloweka kunaokoa kuni. Asiyetaka kununua soda anaweza kuchuja majivu ya kuni ngumu, uzito wa majivu sawa na uzito wa mabua makavu. Nguvu yake hubadilika kulingana na kuni, kwa hiyo kagua zaidi kwa mkono kuliko kwa saa.

Ukaguzi ni huu. Toa kipande kimoja, kioshe, kivute taratibu kwa urefu wake. Kikiachana chenyewe kuwa nyuzi, zima moto. Kikikatika kwa shida, endelea nusu saa. Kikiwa uji vidoleni, umechelewa.

Kuosha hakukukamilika pia, na ndiko kulikoleta ule unjano wa baadaye. Rojo liwekwe kwenye mfuko wa wavu laini, likandwe kwenye maji safi mara tano au sita. Asiye na karatasi za litmasi atumie bizari ya manjano. Paka bizari iliyokorogwa na maji kwenye kipande cha karatasi nyeupe, kikauke, kisha dondoshea maji ya mwisho ya kuoshea. Pakigeuka rangi ya matofali, bado kuna magadi ya kutosha kuiharibu karatasi. Pakibaki njano, songa mbele.

Kutwanga

Hapa ndipo watu waliozoea mabaki ya karatasi za ofisini hupotea, na kosa lao linaeleweka kabisa. Karatasi ya ofisini ina nyuzi zilizokwisha kutwangwa kiwandani, na kazi ya mtengenezaji ni kuzitawanya tu. Akihamia kwenye mmea anaambiwa "sasa inabidi utwange sana", na kwa mimea mingi ni kweli. Gugu maji limo upande mwingine.

Kikundi kilitwanga kwenye kinu saa mbili kila awamu, kisha kikapitisha rojo kwenye blenda. Kutwanga huchanua ukuta wa uzi na kutoa vijinyuzi vidogo vinavyoshika maji. Kiasi kidogo kinaleta mshikamano. Kikizidi, rojo linakuwa ute. Blenda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu visu vyake vinakata, na uzi wa milimita moja na nusu ukikatwa vipande viwili umebaki vumbi. Dalili ilionekana kwenye kiunzi: maji yalichukua sekunde 100 hivi kushuka kwenye wavu. Karatasi inayochuja kwa muda huo inashika maji mengi, na maji hayo yakiondoka yote huvuta nyuzi pamoja nayo. Sentimita tano zilizopotea kwenye urefu zilipotelea hapo, kwenye kinu na blenda, siku kadhaa kabla ya kuanikwa.

Gugu lililopikwa vizuri lipondwe dakika tano hadi nane kwa awamu, mchi ukishushwa bila nguvu, au likorogwe tu kwa mti kwenye ndoo hadi nyuzi ziachane. Jaribu kwenye chupa ya kioo: weka rojo kiasi cha harage, jaza maji, tikisa, tazama dhidi ya mwanga. Nyuzi zielee moja moja bila mabonge. Maji yakiwa kama uji wa muhogo na huoni uzi, umezidisha, na rojo lililozidishwa halirudi.

Katani ipikwe peke yake. Ukichanganya mapema, ama gugu litaisha ama katani itabaki mbichi. Kata sentimita moja, soda ashi asilimia 20, maji lita 12 kwa kilo, saa nne za kuchemka. Itwangwe awamu za gramu 250 kavu, dakika 40 kila moja, watu wawili wakipokezana michi. Ni kazi ya kutoa jasho, na hakuna njia ya mkato. Mabaki ya kamba za katani yanafaa na ni rahisi kuyapata, ila kamba za kiwandani hupakwa mafuta, na mafuta hukataa maji. Ziloweke kwanza kwenye maji moto yenye sabuni, ziondoe zenye rangi, na usichukue kamba yoyote yenye nailoni ndani yake.

Kumbukumbu za China zinamtaja Cai Lun, aliyewasilisha karatasi kwa mfalme mwaka 105, na kati ya malighafi zake zilikuwemo nyavu kuukuu za uvuvi. Nyavu hizo zilikuwa za nyuzi za mmea. Za mialo yetu leo ni nailoni, na hazitoi karatasi hata uzipike wiki nzima.

Mzigo wa pili

Hesabu ilipigwa kuanzia mwisho kurudi nyuma, na ndivyo inavyofaa kila oda ipigwe. A3 ni sentimita 42 kwa 29.7, yaani karibu mita ya mraba 0.125. Kwa gramu 100 kwa mita, kila karatasi ina gramu 12.5. Karatasi 400 pamoja na 40 za kufidia zitakazoharibika zinahitaji kilo 5.5 za rojo likipimwa kavu. Uwiano uliochaguliwa ni gugu 60 na katani 40.

Gugu ni kilo 3.3 za rojo. Kwa mapishi ya pole, mabua makavu yalitoa asilimia 38, kwa hiyo zilipikwa kilo 8.7 kavu, zilizotokana na kilo 145 za mabua mabichi. Soda ashi kilo 1.3, maji lita 87. Katani ni kilo 2.2 za rojo, kutoka kilo 3.4 za nyuzi, soda ashi gramu 700, maji lita 40. Linganisha na mara ya kwanza: mavuno kilo 300, kostiki kilo tatu na nusu, na mwisho hakuna cha kuuza.

Karatasi kumi za majaribio zilisinyaa asilimia 3. Kiunzi kikatengenezwa upya, sentimita 43.3 kwa 30.6, ili karatasi ikikauka iwe A3 kamili. Hatua hii hurukwa sana. Kila mchanganyiko una kusinyaa kwake, na kiunzi kifuate mchanganyiko.

Karai lilikuwa pipa lililokatwa, maji lita 80 yaliyochujwa kwa kitambaa, na rojo gramu 400 kavu. Katani ilitangulia, ikakorogwa hadi ikatawanyika, ndipo gugu likafuata. Mtu anayetengeneza katani tupu hulazimika kuongeza ute wa bamia ili nyuzi ndefu zisishikane mabonge. Hapa gugu lenyewe linatoa ute huo, na ni mojawapo ya sifa zake nzuri. Kila baada ya karatasi tano wanarudisha gramu 60 kavu, ambazo kwa rojo lililokamuliwa kwa mkono ni kama gramu 300. Asiyepima hapa hupata karatasi nene asubuhi na nyembamba jioni. Maji sasa yalishuka kwa sekunde 18.

Karatasi zililazwa kwenye vitambaa vya amerikani vilivyolowa, kila baada ya kumi blanketi moja, hadi rundo la 50. Zikabanwa kwa jeki ya gari ya tani tano ndani ya fremu ya mbao nzito. Jeki ipandishwe taratibu, ichukue robo saa kufika mwisho. Ukiikaza kwa haraka maji hukimbilia pembeni na kuipasua karatasi ikiwa bado mbichi, na ufa huo hutauona hadi ikauke.

Mzigo wa kwanza ulining'inizwa kwenye kamba karibu na maji. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na karatasi iliyoning'inia hukaukia kingo kwanza huku katikati ikiwa na maji. Kingo zikisinyaa mapema, katikati haina pa kwenda ila kuvimba. Mara ya pili karatasi zilibandikwa kwa brashi pana kwenye plaiwudi iliyopakwa vanishi, kivulini, ndani ya banda, saa 24 hadi 36. Ubao unaishika isisinyae ovyo. Kabla ya kubandua, weka karatasi shavuni: ikihisi baridi, maji bado yamo.

Mwisho zilipakwa uji mwembamba wa wanga wa muhogo, gramu 25 kwa lita, ukapikwa hadi ukawa kama kioo, ukapoa, ukapakwa upande mmoja mmoja. Wanga unashika uso wa karatasi ili kalamu isikwaruze. Shabu haikutumika, ingawa wengi huipenda: ni ya asidi, na asidi huila karatasi polepole kwa miaka.

Kati ya 440 zilifaa 418. Kumi na nne zilikuwa na mabonge ya katani iliyotwangwa kidogo, nane zilichanika wakati wa kubanduliwa. Karatasi ya jaribio ilikunjwa na kukunjuliwa mara 20 bila kupasuka.

Neno kwa mnunuzi

Mnunuzi alitaka gugu tupu kwa sababu alitaka kuwaeleza wageni wake habari ya ziwa. Nia ni njema, na jibu linalofaa ni kumwambia ukweli wa nyuzi: gugu asilimia 60, katani asilimia 40, ikaandikwa hivyo hivyo nyuma ya kadi. Gugu tupu linawezekana. Likipikwa kwa pole na kutwangwa kidogo hutoa karatasi nyembamba, inayopitisha mwanga, nzuri kwa kivuli cha taa, kwa kufungia zawadi, au kwa kubandika juu ya jalada gumu. Kwa mkunjo unaofunguliwa mezani mara mia, hapana.

Na isiandikwe kwamba kadi hizi zinasafisha ziwa. Utando mzito wa gugu hufikia tani 300 hadi 400 kwa hekta, sawa na kilo 30 hadi 40 kwa mita ya mraba. Kilo 145 za mabua, hata ukiongeza majani na mizizi iliyotupwa, ni eneo la chumba kimoja cha kulala. Kilichopunguza gugu mwishoni mwa miaka ya 1990 ni fukusi, wadudu wanaokula gugu, wa jamii ya Neochetina walioachiwa ziwani, pamoja na hali ya hewa na uvunaji wa mashine. Karatasi inampa mtu wa mwaloni kipato kutokana na kitu kinachomzibia njia ya mtumbwi. Hilo ni jambo kubwa, na linatosha kuandikwa lilivyo.

Lakini karatasi inaweza kulichafua ziwa, na hapo kikundi kilikosea vibaya. Maji ya kostiki ya mzigo wa kwanza yalimwagwa ufukweni, na rojo likaoshewa humo humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa pipa, kuosha na kuanika vimehamishiwa nje ya mita hizo, na maji hubebwa kwa ndoo.

Maji meusi ya kupikia, lita 127 kabla ya mvuke, hayazimiki kirahisi. Kwa kilo mbili za soda ungehitaji zaidi ya lita 40 za siki, fedha ambayo hakuna kikundi kitaitoa. Bustanini hayaendi, kwa sababu sodiamu hugandisha udongo wa mfinyanzi na kuua mboga. Maji yaliyopikia katani, ambayo bado yana nguvu, huchujwa na kutumika kuloweka mabua ya awamu inayofuata. Yakichoka humwagwa kwenye shimo pana la kina kifupi lililotandikwa turubai, yakakaushwa na jua, na tope lake huchanganywa na majani makavu ya gugu na kuchomwa chini ya pipa. Majivu yake yana soda, yanarudi kulowekea. Kwa anayetumia majivu ya kuni tangu mwanzo mambo ni mepesi, maana chumvi yake kubwa ni ya potasiamu, na maji hayo yakichanganywa kidogo kidogo kwenye mboji hayaleti madhara yale.

Shimo la turubai linafanya kazi kiangazi tu, na oda inayofuata ni karatasi 1,000 za kukabidhiwa Novemba. Kwa uwiano ule ule, pamoja na akiba ya moja kwa kumi, zinahitajika kilo 13.75 za rojo. Gugu ni kilo 8.25, yaani mabua makavu kilo 22, yaani mabichi kilo 365 hivi. Upepo ukigeuka, ghuba iliyojaa gugu asubuhi inaweza kuwa wazi jioni, kwa hiyo mabua hayo yakatwe, yapasuliwe, yakaushwe na kuwekwa juu ya vichaga, mbali na sakafu, kabla Septemba haijaisha. Kupika nako kumalizike ndani ya kiangazi hicho hicho. Rojo lililooshwa na kukaushwa kuwa mikate myembamba hukaa miezi bila kuharibika, mradi lisinyeshewe.